Taka Haziishi kwa Mahubiri: Halmashauri Imejenga Nini?

Mhariri aliniomba niandike kidogo kuhusu ninachosomea, nikamwambia nasomea taka. Alicheka kwanza, halafu akauliza kama kweli kuna digrii ya namna hiyo. Ipo bwana, na ada yake ni ileile mnayolipa nyie wa sheria na biashara. Na kwa vile sidhani kama kuna mtu kwenye jumuiya yetu hapa Cardiff ambaye hajawahi kukorofishana na wenzake wa nyumba juu ya zamu ya kutoa mapipa, naona mada hii inatuhusu wote.

Nianze na maneno ninayoyasikia kila tukikutana, hasa mtu akiwa ametoka likizo nyumbani: "Wenzetu wamestaarabika. Sisi hata ukiwawekea pipa, watu watatupa chini." Mimi maneno haya siyakubali. Siyakatai kwa uzalendo, nayakataa kwa sababu hesabu zake hazitoki. Wales hii tunayoishi, mwaka 1998/99 ilikuwa inarejeleza chini ya asilimia 5 ya taka za majumbani na mitaani. Zilizobaki karibu zote zilifukiwa ardhini. Leo inarejeleza zaidi ya asilimia 65, na ni kati ya nchi zinazoongoza duniani. Watu ni walewale. Bibi anayeosha kopo la maharage leo kabla ya kuliweka kwenye mfuko wake ndiye aliyekuwa analitupa pamoja na majivu mwaka 1998. Hakuzaliwa upya. Kilichobadilika ni bei ya kutupa, sheria, na vitu ambavyo halmashauri imejenga au imemletea mlangoni.

Bei kwanza, maana wengi hatuijui habari hii. Oktoba 1996 serikali ya Uingereza ilianzisha kodi ya taka zinazofukiwa. Ilianza na pauni 7 kwa tani, kiasi ambacho hakikumnyima usingizi mtu yeyote. Lakini ikapandishwa mwaka hadi mwaka, na kila halmashauri ilijua mapema kwamba itapanda. Mwaka 2014 ilifika pauni 80, na sasa imevuka pauni 100. Wales ilianza kuikusanya yenyewe Aprili 2018. Sasa jiweke kwenye kiti cha mkurugenzi wa halmashauri. Kila lori linalokwenda kumwaga shimoni na tani 10 linakula zaidi ya pauni elfu moja za kodi peke yake, kabla hujalipa dereva, mafuta na mwenye shimo. Ghafla mtambo wa kutengeneza mboji, ambao jana ulionekana wa gharama, unaanza kuonekana rahisi. Hakuna aliyemhubiria mkurugenzi huyo kuhusu mazingira. Ameona mahesabu tu.

Juu ya bei ikaja sheria. Wales iliweka malengo yenye nguvu ya kisheria kwa halmashauri zake zote 22: asilimia 52 mwaka 2012/13, 58 mwaka 2015/16, 64 mwaka 2019/20 na 70 mwaka 2024/25. Halmashauri ikishindwa inaweza kutozwa faini ya pauni 200 kwa kila tani iliyopungua. Hapo tena hakuna mchezo.

Lakini bei na sheria bila miundombinu ni kumwambia mtu aogelee pasipo maji. Kwa hiyo tuangalie walichojenga, na nitaanzia jikoni kwako. Kile kindoo kidogo kinachokaa karibu na sinki, ambacho wengine mmekigeuza cha kuwekea vitunguu (ninawajua), ndiyo sehemu muhimu kuliko zote katika mfumo mzima. Humo yanaingia maganda, ugali uliolala, mifupa, majani ya chai. Halmashauri zote za Wales hupitia taka za chakula kila wiki. Pipa la taka nyingine, lile jeusi, hapa kwetu hupitiwa kila baada ya wiki mbili. Hiyo tofauti ya siku haikutokea kwa bahati. Ukiweka ganda la samaki kwenye pipa jeusi utakaa nalo wiki mbili, ukiliweka kwenye kindoo linaondoka wiki hiihii. Pua yako yenyewe inakufundisha kutenganisha, bila semina.

Kutoka hapo chakula kinakwenda Tremorfa, mashariki ya mji, kwenye mtambo ulioanza kazi mwaka 2017 unaohudumia Cardiff na Vale of Glamorgan. Taka zinasagwa, zinaingizwa kwenye matangi makubwa yasiyopitisha hewa, na vijidudu vinazila na kutoa gesi. Ni kazi ileile inayofanyika kwenye mtambo wa gesi ya samadi nyuma ya zizi la ng'ombe Kilimanjaro au Kiambu, tofauti ni ukubwa na bomba. Gesi inazalisha umeme, na umeme huo husaidia kuendesha mitambo ya kusafisha majitaka iliyo jirani. Tope linalobaki ni mbolea, linakwenda mashambani.

Kwa nini nalikomalia sana suala la chakula? Kwa sababu chakula ndicho kinachofanya dampo liwe hatari. Chupa ikifukiwa inakaa tu. Ganda la ndizi likifukiwa pamoja na mengine tani kwa tani, mahali hewa haifiki, linaoza na kutoa methani, gesi inayopasha joto anga zaidi ya mara 25 kuliko hewa ya ukaa, uzito kwa uzito. Methani ndiyo inayofanya dampo lifuke moshi miezi na miezi bila mtu kuliwasha. Pia linatoa maji meusi yanayochuruzika hadi mtoni na visimani. Na pale ambapo taka zimerundikwa mlima bila kushindiliwa, maji na gesi vikikutana ndani, mlima unalegea. Nitarudi kwenye hilo.

Kilichobaki baada ya chakula, karatasi, makopo na chupa kuondolewa kinapelekwa Trident Park, tanuri kubwa lililojengwa Splott, linalochoma taka na kuzalisha umeme. Lilijengwa chini ya mpango wa halmashauri tano za hapa kusini mashariki zilizoamua kuungana: Cardiff, Newport, Caerphilly, Monmouthshire na Vale of Glamorgan. Lina uwezo wa kuchoma tani 350,000 kwa mwaka, na mkataba wa halmashauri hizo ni wa miaka 25. Kumbukeni hiyo miaka 25, tutaihitaji mbele. Na lile dampo la zamani la Lamby Way, ambalo kwa miaka mingi lilimeza taka za mji huu, limefunikwa. Juu ya sehemu yake kuna paneli za umeme wa jua za megawati 9 zilizoanza kazi mwaka 2020.

Msidhani nawapigia debe. Cardiff yenyewe imekuwa ikivuta mkia. Lengo la 64% ilishindwa kulifikia kwa miaka kadhaa mfululizo, na sababu moja inafundisha sana. Kwa muda mrefu mji huu uliwaambia watu waweke karatasi, chupa, makopo na plastiki vyote kwenye mfuko mmoja wa kijani, vikatenganishwe mbele ya safari na mashine. Kwa mwananchi ni rahisi. Lakini chupa zinavunjika, vigae vinaingia kwenye karatasi, karatasi inalowa mabaki ya mchuzi, na mnunuzi wa karatasi anaikataa. Halmashauri nyingine za Wales zilizotenganisha tangu mlangoni zilipita mbele. Ndiyo maana tumeletewa mifuko tofauti na ndoo ya chupa, na ndiyo maana mitaa yetu ya Cathays ina rangi nyingi asubuhi ya siku ya taka utafikiri mnada. Somo lake ni kwamba mahali pa kutenganishia ni pale taka inapozaliwa. Ukishachanganya, hakuna mashine itakayokurudishia usafi uliopoteza.

Haya, twende nyumbani. Nitaisemea zaidi Dar es Salaam kwa kuwa ndiko nilikokulia, wa Nairobi na Kampala mtajazia.

Wakazi wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, kesi ya madai namba 299 ya mwaka 1988. Dampo lilikuwa katikati ya makazi, moshi, inzi, harufu, watoto wanakohoa. Wakashinda, mahakama ikaamuru dampo lifungwe. Halmashauri haikufunga, ikarudi mahakamani mara kwa mara kuomba iongezewe muda. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akachoka na hadithi hiyo. Katika uamuzi wake alishangaa kuona mamlaka ya umma inakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira, na akasema hali ile inagusa haki ya kuishi iliyomo kwenye Katiba. Wanafunzi wa sheria wanaisoma kesi hii mpaka leo, na wana haki, ni ushindi mkubwa wa watu wa kawaida.

Mimi lakini ninaisoma kwa jicho jingine. Baada ya Tabata, taka zilikwenda Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi. Baada ya Vingunguti, Mtoni. Baada ya Mtoni, Pugu Kinyamwezi, takriban kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Mahakama iliweza kuhamisha dampo, haikuweza kupunguza hata kilo moja ya taka, maana hiyo haikuwa kazi yake. Kila mara tulibadilisha jirani wa kuumia. Na kila dampo lilivyosogea mbali, lori lilichoma mafuta zaidi, likafanya safari chache zaidi kwa siku, na taka zikabaki mitaani zaidi. Halafu mtu anasema ni ustaarabu.

Nairobi nao, Dandora ilianza kutumika miaka ya 1970, ikatangazwa kuwa imejaa mwaka 2001, na bado malori yaliendelea kumwaga. Kampala ndiyo imetuumiza zaidi. Kiteezi lilifunguliwa mwaka 1996 likiwa dampo la kisasa la kupangwa. Lilijaa, likaendelea kupokea, likawa mlima wenye nyumba chini yake. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka. Zaidi ya watu 30 walikufa, wakiwemo watoto. Mwezi uliofuata wakuu wa mamlaka ya jiji walifukuzwa kazi. Sawa, wawajibike. Lakini kilichoua Kiteezi ni jumla ya kila mkungu wa matoke na kila ganda la muhogo lililokwenda pale kwa miaka 28 kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Na hapa ndipo habari njema ilipo, ingawa haionekani. Katika miji yetu, zaidi ya nusu ya taka ni vitu vinavyooza: mabaki ya chakula, maganda, majani. Hiyo ni tofauti kubwa na hapa Wales, ambako vifungashio ni vingi mno. Yaani sehemu kubwa ya tatizo letu ni kitu ambacho ardhi yenyewe inajua kukimaliza, ukiipa nafasi.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Chukua kata inayotoa tani 10 kwa siku, na tuseme tani 6 ni za kuoza. Lori linalobeba tani 5 linahitaji safari mbili kwenda Pugu na kurudi, na kwa foleni za Dar zinaweza kumaliza siku nzima. Ukiziondoa zile 6 zikaishia karibu na kata, unabaki na safari moja yenye nafasi. Tena kilichobaki ni kikavu. Kikavu hakinuki, hivyo kinaweza kusubiri siku mbili tatu kwenye kizimba bila kuleta inzi. Na kilicho kikavu ndicho waokota chupa na wa vyuma chakavu wanachokitaka, watalichambua hata kabla lori halijafika. Kwa kutenganisha kitu kimoja tu, cha kuoza, umerahisisha kila hatua inayofuata.

Halmashauri ingeanzia wapi? Kwa maoni yangu si majumbani. Ingeanzia sokoni. Nenda Mabibo kwenye soko la ndizi, nenda Buguruni, nenda Temeke Sterio. Taka za pale zimeshajitenganisha zenyewe: mikungu, maganda ya machungwa, kabichi zilizooza, majani yaliyofungia matunda. Ziko mahali pamoja, zinatoka kila siku, na soko ni mali ya halmashauri, ina meneja na inatoza ushuru. Huhitaji kubadilisha tabia ya watu milioni kadhaa, unahitaji kukubaliana na meneja mmoja. Kinondoni wamefika hapo. Kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani na fedha za Wajerumani, kimejengwa kiwanda cha mboji Mabwepande, chenye uwezo wa kupokea takriban tani 50 kwa siku. Ukilinganisha na taka za Dar nzima ni kidogo, lakini ni kitu unachoweza kukitembelea na kukishika, na udongo wake unanukia kama shamba la mgomba.

Kitu cha pili ni vituo vya kuhamishia taka. Mkokoteni wa mzoa taka hauwezi kufika Pugu. Anamwaga wapi basi? Kama kizimba cha karibu kimejaa au hakipo, anamwaga mtaroni usiku, na mvua ya masika ikija sote tunajua maji yanakwenda nyumbani kwa nani. Kituo chenye sakafu ya zege, paa, mzani na kontena, ambako mikokoteni inaingia asubuhi na lori kubwa linatoka mchana, si kitu cha kukatia utepe na kupigia picha. Ndiyo maana hakijengwi. Lakini ndicho kinachounganisha mtaa na dampo, na ule mzani ndio unaoiwezesha halmashauri kujua inamlipa mkandarasi kwa tani ngapi.

Niseme pia juu ya tanuri, kwa sababu najua kuna wenzetu wahandisi wanaoliota, na kila mwaka kuna kampuni inakuja na michoro mizuri ya kugeuza taka kuwa umeme. Tahadhari mbili. Kwanza, ganda la chungwa ni maji. Ukichoma taka zenye maji mengi, joto kubwa linaishia kuyakausha, na umeme unaopata ni kidogo. Wakati mwingine inabidi uongeze mafuta. Tanuri la Trident Park linafaidika kwa sababu chakula kimeshakwenda Tremorfa. Pili, ile miaka 25. Tanuri linahitaji kulishwa. Mikataba ya aina hii kwa kawaida inaitaka halmashauri ilete kiasi fulani cha taka, la sivyo ilipe fidia. Fikiria halmashauri yetu, yenye madiwani wanaobadilika kila uchaguzi, imejifunga robo karne kuzalisha taka za kutosha. Anayetaka kulijenga alijenge mwisho, baada ya kuondoa cha kuoza na kuhakikisha kilichobaki kinaungua.

Kwenye sheria hatuko nyuma kama tunavyojidharau. Mifuko ya plastiki: Zanzibar ilianza kuipiga marufuku mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara Juni 2019. Wales, ya kwanza Uingereza kuchukua hatua, ilianza Oktoba 2011, na haikupiga marufuku, ilitoza senti 5 kwa mfuko. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayotaka taka za kuoza zitenganishwe na kavu. Kwa kulinganisha, England hapo jirani imewawekea halmashauri wake tarehe 31 Machi 2026 kuanza kuzoa chakula cha majumbani kila wiki. Kwa maandishi, mama wa Nairobi alitangulia. Anachokosa ni lori la pili. Kama anatenganisha ndoo mbili jikoni, halafu gari linalokuja ni moja na linamwaga zote mahali pamoja mbele ya macho yake, mnadhani wiki ijayo atahangaika?

Moshi inatajwa kila mara kuwa mfano wa usafi Tanzania, na watu husifia faini ya shilingi 50,000 kwa anayetupa taka ovyo. Faini ipo kweli. Lakini angalieni pia kwamba ni mji wenye ukubwa unaozoleka, na barabara zinazopitika. Faini inamuuma mtu aliyekuwa na mahali halali pa kutupa akapuuza. Ukimtoza asiye na mahali, umemkomoa tu.

Limebaki swali la wanauchumi wetu, nao wamenibana nalo kwenye kikao cha mwezi uliopita: mboji atanunua nani? Mkulima mdogo amezoea mfuko wa mbolea ya chumvichumvi wa kilo 50 unaobebeka kwenye bodaboda. Mboji ni nzito, inahitajika kwa wingi, na usafiri unaweza kuzidi bei yake. Ni kweli, na miradi kadhaa ya mboji imefia hapo. Jibu langu ni kwamba mnunuzi wa kwanza asitafutwe mbali. Halmashauri ina bustani, ina viwanja vya shule, ina kingo za barabara za kupandwa nyasi na miti, ina machimbo ya kokoto yaliyoachwa wazi. Tena kila tani ya mboji ni tani kadhaa ambazo hazikupanda lori kwenda Pugu, na mafuta hayo yameshaokolewa hata kama udongo ule utagawiwa bure. Bei yake ianze kuhesabiwa hapo, kwenye risiti za dizeli.